Siku Nne Pemba: Mpira, Miwa na Kanzu ya Ustadh

Hii wiki ya pili tangu turudi kutoka Pemba na bado naulizwa barazani habari za safari, kwa hiyo naandika mara moja nimalizane nalo. Mbele yangu nina daftari lililolowa maji (sababu yake mtaijua mwishoni) na picha za simu ya Shemeji, ambaye ni hodari wa kukata watu vichwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana timu ya mtaa wetu, huku Ng'ambo, mjini Unguja, iliwakaribisha vijana kutoka Wete, kule Pemba, tukawafunga tatu bila. Wakati wa kuagana, kapteni wao alitwambia neno moja tu: "Na kwetu mje." Mwaka huu tukaenda. Jina la timu yetu silitaji. Mkisoma mpaka Jumamosi mtaelewa.

Wachezaji walitangulia Jumatano na kocha. Sisi washabiki tulikuwa saba: Mjomba, kipa wa zamani na mshika fedha, Ustadh, mwalimu wa madrasa anayeijua sheria ya kuotea kuliko marefa wengi, Shemeji, mtu wa Mwanza aliyeoa kwetu, vijana watatu wa ngoma na mavuvuzela, na mie wa daftari. Shemeji ndiye aliyeleta wazo la vinywaji. Kwao, anasema, washabiki wakisafiri ugenini huonja bia za kila mji wanaopita. Tukamwambia Pemba hilo litamshinda, maana hata hizo Safari na Kilimanjaro anazozitaka zinavuka bahari kuja Unguja, seuze Pemba. Tukakubaliana hivi: kila tutakaposimama tutakunywa wanachokunywa wenyewe wa pale, kisha tunatoa alama, mwisho kumi. Shemeji akatabasamu. "Bia haikosekani," alisema. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza, na tarehe.

ALKHAMISI, 18 SEPTEMBA: MALINDI HADI CHAKE

Tuliambiwa tufike bandarini Malindi, hapa mjini, saa kumi na mbili na nusu, meli inang'oa saa moja. Iling'oa saa tatu kasorobo. Katikati ya hapo tuliangalia mambo yakipakiwa: saruji, magodoro, friji tatu, mabati, mche wa embe ndani ya ndoo, na kabati la bibi harusi lililofungwa mablanketi kama mgonjwa. Tiketi yangu ya chini ilikuwa 25,000. Mjomba alilipa zaidi akakaa juu kwenye kipupwe, akasema ni kwa ajili ya magoti yake.

Kwa anayekuja nyuma yetu: chukua kitambulisho, kitaulizwa. Kama bahari hukuizoea, kunywa dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Ukiinywa meli ikishaanza kuyumba umechelewa. Na usile urojo asubuhi hiyo. Kijana wetu mmoja wa ngoma alikula urojo.

Mpaka Nungwi safari ilikuwa ya kicheko. Ukipita pale, Unguja inaanza kubaki nyuma na mkondo unaikamata meli kwa ubavu, na kusi lilikuwa halijatulia. Ghafla watu walinyamaza, hata watoto. Akina mama walitoa tasbihi. Mzee aliyekaa karibu yangu alisoma kwa sauti ya chini, macho yake kwenye maji, mpaka tulipovuka. Hakuna aliyesema kwa nini, na hapakuwa na haja. MV Spice Islander ilizama huku Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, na mamia ya watu hawakurudi. Tulikuwa tumepita kumbukumbu yake kwa siku nane tu. Shemeji, ambaye kwao nako kuna ziwa na msiba wake, alivua kofia akaishika mkononi muda wote ule.

Mkoani tulishuka saa saba na nusu mchana. Anayetoka Unguja kitu cha kwanza kinachomshangaza ni vilima. Kwetu ardhi imelala, Pemba imejikunja, na kila kunjo ina mikarafuu, minazi na migomba mpaka chini. Waarabu wa zamani waliiita kisiwa cha kijani, na ukiwa ndani ya Hiace inayopanda kwa gia ya kwanza huwezi kubishana nao.

Hiyo Hiace tuliikodi pale pale bandarini. Dereva alitaka 320,000 kwa siku zote nne, mafuta juu yetu. Mjomba alishuka na magoti yake yale yale mabovu, akamwamkia, akamuuliza ukoo wake, wakakutana kwa babu wa tatu huko Kengeja, ikawa 240,000. Ushauri: msikubaliane bei kabla hamjaulizana ukoo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mtambile, miwa. Kijana ana mashine ya chuma yenye magurudumu mawili ya meno na usukani mkubwa wa pembeni wa kuzungusha kwa mkono. Muwa unapita mara ya kwanza mzima. Mara ya pili anaukunja, ndani ya mkunjo anatia nusu ndimu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, anaupitisha tena. Mara ya tatu anaukunja mara nne na anausukuma kwa kiganja huku mwenzake akizungusha kwa mwili mzima. Kilichobaki ni kumbi kavu nyeupe, hata mbuzi aliyekuwa akisubiri pembeni aliinusa akaiacha. Glasi shilingi 1,000. Povu lake la kijani hukaa kwenye mdomo, na tangawizi inakuja nyuma, baada ya kumeza. Tulitoa tisa. Shemeji alitoa saba, akasema "haina kitu ndani."

Makona ya njiani nayaruka. Tuliingia Chake Chake jua likiwa limeshakuwa la manjano na tukaomba dereva apitilize mpaka Gombani. Mlinzi wa uwanja alitutazama: watu saba, ngoma mbili, jezi za timu asiyoijua. "Mwatakani?" Tukamwambia tunataka kuona tu. Akafungua geti.

Kwa wasiofuatilia: Kombe la Mapinduzi fainali yake tulizoea kuiona Amaan, lakini Januari 2025 lilichezewa hapa Gombani, kwa timu za taifa badala ya klabu, na Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso mbili kwa moja kwenye fainali. Usiku ule mtaani kwetu hakulala mtu. Sasa tulikuwa tumesimama kwenye zile nyasi bandia zenyewe, zina joto bado la mchana, na Mjomba alikwenda taratibu mpaka golini, akasimama katikati, akanyoosha mikono yake yote miwili pembeni. Alikaa hivyo kama dakika nzima. Picha ya Shemeji ina mikono na kiwiliwili.

Tulilala Chake, nyumba ya wageni, chumba cha watu wawili 30,000 pamoja na chai. Maji yapo, chandarua kipo, feni ina maoni yake.

IJUMAA, 19 SEPTEMBA: CHAKE HADI WETE

Asubuhi sokoni, dafu 1,000. Alama nane, na hakuna la kuandika, dafu ni dafu. Chai ya mchaichai na chapati kwa mchuzi wa maharage, watu saba 14,000.

Barabara ya Wete tuliingia saa nne. Huu ni msimu wa karafuu na pua ndiyo inayokwambia kwanza. Pembezoni mwa barabara, mbele ya kila nyumba, mifuko na majamvi yametandikwa, na karafuu zimemwagwa juu yake zikianikwa: za leo za kijani na wekundu, za jana zinaanza kusawijika, za juzi kahawia. Mtoto anakaa na kijiti kufukuza kuku. Dereva wetu hupunguza mwendo kila penye jamvi ili asitimue vumbi, na nilipomwuliza alinishangaa, kama nimemuuliza kwa nini hapigi watu makofi.

Kama kilomita chache kabla ya Wete tairi la nyuma lilipiga pancha. Hilo si neno. Neno ni kwamba tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo, na dereva alilijua hilo tangu Jumanne. Mjomba alitaka kumkumbusha ule ukoo wao. Jua la saa tano, hakuna kivuli, Ustadh anaangalia saa kwa sababu ya Ijumaa.

Alisimama kijana mmoja na honda, kavaa kanzu safi. "Mwendapi?" Tukamwonesha tairi. Hakusema zaidi. Aliikunja kanzu mpaka kiunoni, akalifunga tairi nyuma ya honda kwa mpira wa baiskeli, akaondoka. Baada ya dakika arobaini alirudi, tairi limezibwa, na mfuko wa plastiki wenye barafu ndani yake. Pancha 3,000, akachukua 3,000. Tulimpa 10,000 ya usumbufu akairudisha mfukoni mwa Mjomba yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, kama anamrudishia mtoto pipi iliyodondoka. "Nyie wageni wa mpira," alisema. "Tutaonana." Sote tulidhani ni maneno ya kuagania tu.

Tuliwahi hotuba. Kwa msafiri: Ijumaa mchana usipange kununua kitu wala kula mkahawani Wete. Kuanzia adhana mpaka watu watoke msikitini mji unafungwa, na ndivyo inavyotakiwa. Toa pesa mapema pia, mashine za benki zipo Chake na Wete, ukishaingia vijijini ni mfuko wako tu.

Wenyeji walikuwa wametupangia nyumba. Siyo ya wageni, nyumba ya mtu: Mama mmoja mjane, mwanawe ni beki wao wa kulia, chumba cha uani kimefagiliwa, mikeka mipya, ndoo za maji zimefunikwa kwa sinia. Tulikuta wali wa nazi, mchuzi wa pweza, na mboga ya matembele. Tukamwambia Mama tutalipia. Akajifanya hakusikia. Mjomba akarudia. Akajifanya hakusikia kwa sauti ya juu zaidi: alianza kumwita mwanawe alete sahani nyingine.

Alasiri, barazani karibu na soko, kahawa. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa na vikombe vidogo vinavyogongana mkononi mwake vikilia ka-ka-ka, hiyo ndiyo kengele yake. Kahawa chungu, haina sukari, ya tangawizi, kikombe 200, kashata 200. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja na hakuna aliyewahi kufa. Wazee wa pale walituuliza habari za Unguja kama tunatoka nchi jirani, wakatuambia timu yao ina winga wa kushoto ambaye "haonekani, yuasikika tu." Tulicheka. Alama tisa na nusu, na hiyo nusu tulikata kwa ajili ya yule winga, kwa hasira, baadaye.

Hapo ndipo Shemeji alipoaga kwa adabu kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Alirudi magharibi imeshaingia. Alikuwa ameuliza dukani, wakamwelekeza kwingine. Kwingine wakamwambia kwenye hoteli za wageni wa nje huko ufukweni, na huko ni mbali na gari haliendi usiku. Mwishowe kijana mmoja, kwa siri kubwa, alimchukua mpaka duka la pembeni, akamletea kopo la baridi lililofungwa kwenye gazeti. Shemeji alilipa haraka, akaja nalo mpaka uani, akalifungua gizani, akanywa funda refu. Kimya. Akawasha tochi ya simu. Bavaria, ile ya kimea isiyo na kilevi, ladha ya tufaha.

Hatukuipa alama. Isingekuwa haki.

JUMAMOSI, 20 SEPTEMBA: MECHI

Tuliamshwa na harufu ya mkate. Mama alikuwa na mkate wa kumimina juu ya jiko, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na ulikuwa umepanda ukawa na matundu kama sega la nyuki. Nilimwuliza anatumia hamira gani. "Hamira?" alisema, kama nimemtukana kidogo. "Tembo."

Shemeji, aliyekuwa bado amelala, aliinuka.

Si ajabu kwa mtu wa pwani: tembo la mnazi likiwa bichi hutiwa kwenye unga wa mkate likauumua, na ndivyo bibi zetu walivyofanya kabla ya hamira ya pakiti. Kwetu mjini tumeshasahau. Mgema wake Mama anapita kila asubuhi, na alipokuja Shemeji alikuwa ameshakaa mlangoni. Mzee mwembamba, shoka dogo kiunoni, kibuyu mgongoni. Alimimina kidogo kwenye kikombe. Ustadh akatoa ufafanuzi kwamba likiwa tamu hivi, limeteremka sasa hivi, halijabadilika, ni maji ya mnazi tu. Shemeji akaonja.

"Hii juisi," akasema.

Mgema akamtazama kwa huruma. "Lingoje jioni."

Jioni tulikuwa na shughuli nyingine. Alama kwa tembo tamu: nane. Ni jepesi, lina maziwa kidogo kwa mbali, na linakwaruza ulimi kama linataka kusema jambo.

Mama aliniitia pembeni akanipa chupa ya lita moja na nusu imejaa. "Kesho nitakubadilishia, upate bichi. Mpelekee mama yako apikie mkate. Lakini kizibo usikikaze." Nikasema ndiyo Mama. Mliosoma mpaka hapa mnajua itakavyokuwa, lakini mie wakati ule sikujua.

Kiwanja kiko pembezoni mwa mji, karibu na skuli. Kimeinama. Lango la juu limepakana na barabara, la chini limepakana na ua wa nyumba moja, na nyuma ya lango la chini, hatua kumi hivi, majamvi matano ya karafuu. Nilimwuliza mtu kwa nini wasiyaondoe. Akasema jua la alasiri linapiga pale vizuri. Jibu kamili.

Kipindi cha kwanza tulicheza kuteremka. Dakika ya kumi na tisa tukapata kona, Mjomba akaniambia "hii inaingia," na ikaingia, kichwa cha beki wetu mrefu. Vijana wa ngoma waliruka wakavunja kiti. Moja bila, ugenini. Washabiki wao walitupigia makofi, jambo lililotutia wasiwasi.

Kama dakika ya thelathini, straika wetu akabaki peke yake na kipa wao, akafumua shuti ambalo mpaka leo tunalijadili. Mpira ulipita juu ya mwamba kwa urefu wa mtu na ukatua katikati ya majamvi. Haukutua tu. Ulidunda la kwanza, ukabingirika kwenye la pili, ukalibeba la tatu kwenye ncha.

Alitoka bibi. Mdogo wa kimo, kanga mbili, hakukimbia. Aliuchukua mpira akaukalia.

Refa akaenda. Akarudi. Kapteni wao akaenda, akarudi ameinamisha kichwa. Ikabidi aende Ustadh, kwa kanzu yake. Bibi alimwuliza swali moja: "Nyie wageni, leo siku yenu ya ngapi Pemba?"

"Ya tatu, bibi."

"Basi jembe lenu hili hapa."

Tukapiga magoti. Timu zote mbili, marefa, sisi wa ngoma, na baada ya muda washabiki wao pia, maana bibi alikuwa hachagui. Mnaodhani ni kuokota tu mkarudisha, sivyo. Jamvi la kwanza lilikuwa la jana na la pili la siku tatu. Zilizochanganyika haziwezi kuachwa pamoja, moja imekauka na nyingine bado ina maji, ukizitia gunia moja zinaharibu zote. Kwa hiyo kila punje unaishika, unaitazama rangi, unaipinda kidogo kwa kucha. Kavu hukatika kwa mlio mdogo. Ile bado hunyumbuka. Na kile kichwa cha juu, kitufe, ukikishika vibaya kinadondoka, bibi anakuona. Kilo moja ya karafuu kavu ni zaidi ya shilingi elfu kumi, na kilo ni punje nyingi sana. Beki wetu mrefu, yule yule aliyefunga, alikuwa amepiga magoti karibu na yule winga wao asiyeonekana, na winga alikuwa akimfundisha: hii ya jana, hii ya juzi, hii kikonyo, weka kule. Vikonyo navyo havitupwi. Kuna kiwanda Wawi kinachovikamua mafuta.

Dakika ishirini na tano. Bibi akapita, akatazama, akainuka kutoka kwenye mpira, akaupiga teke kuelekea kiwanjani. Teke zuri.

Cha pili tulicheza kupanda, na mikono yetu inanuka karafuu mpaka kwenye viwiko. Dakika ya hamsini na tano yule winga alifanya walichotuambia wazee wa kahawani: tulisikia nyayo, tukaona wavu. Moja moja. Ya sabini na nane, kona, vurugu, goti la mtu, mbili moja. Goti la nani sisemi, ila ni letu.

Dakika ya themanini na nane tukafunga. Pasi ndefu, straika wetu yule yule, chini kushoto. Tulishaingia kiwanjani na ngoma ndipo tulipomwona mshika kibendera kasimama, kibendera juu, mkono umenyooka kama mlingoti. Tukamkimbilia. Nilipomkaribia nikamtambua: kijana wa honda. Kijana wa pancha. Alituangalia kwa upole ule ule wa jana na hakushusha mkono.

Mjomba akageuka kwa Ustadh, ambaye alikuwa amesimama mstari ule ule toka mwanzo. "Mwambie! We sheria unazijua, mwambie!"

Ustadh akasafisha koo. "Kaotea," akasema.

Hatukuongea naye mpaka magharibi. Mbili moja.

Usiku walitupikia pilau. Walitupa kombe dogo la mshindi wa pili, ambalo katika mechi ya timu mbili ni neno zuri la kusema umefungwa. Kijana wa honda alikaa sinia moja na Ustadh wakaizungumza sheria ya kumi na moja mpaka taa zikazimwa, wakitumia punje za wali kama mabeki.

JUMAPILI, 21 SEPTEMBA: WETE HADI UNGUJA

Tuliondoka baada ya alfajiri. Kwa wenye gari: kabla jua halijatoka nenda taratibu, ng'ombe na baiskeli hawana taa. Mama alikuwa ameshanibadilishia chupa, na mkate mzima kwenye kanga. Mjomba alimwachia pesa chini ya mkeka. Tulipofika Mkoani dereva alipigiwa simu; baada ya kuzungumza, alimrudishia Mjomba kiasi kile kile kutoka kwenye nauli yake, akasema Mama ameagiza, watamalizana wenyewe.

Konde, Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi hatukuwahi. Kidike, kwa wale popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila Pemba, hatukuwahi pia. Ukienda kwa utalii, usiende na timu.

Kwenye meli, mie ndiye mwenye makosa, naandika wazi. Chupa ilikuwa ikivuja kidogo pembeni ya kizibo, nikaona italowesha vitu, nikaikaza. Nikaikaza vizuri. Begi lililokuwa limesimama wima peke yake lilikuwa la Ustadh, nikaisimamisha humo, kati ya kanzu yake ya Ijumaa na daftari hili. Kisha nikalala. Jua la saa tano likalipiga lile begi.

Tulikuwa kwenye mkondo wa Nungwi, watu kimya, tasbihi mikononi, iliposikika PAH. Mama mmoja akapiga kelele. Baharia alikuja mbio. Begi la Ustadh lilikuwa likitoa povu kupitia zipu.

Harufu ilipanda sitaha nzima. Tamu kwanza, kisha chachu, kisha, hakuna namna ya kulisema kwa heshima, baa. Wazee wakaanza kumtazama Ustadh, kofia yake, ndevu zake. Ustadh akafungua begi taratibu, akaishika kanzu nyeupe kwa ncha za vidole, inachuruzika. Shemeji alisogea, akainusa, akafumba macho.

"Siku nne," akasema. "Siku nne natafuta, kumbe anayo Ustadh."

Kwa mara ya kwanza toka dakika ya themanini na nane Mjomba alicheka, na alicheka mpaka akakaa chini.

Chupa ilibaki na kikombe kimoja chini. Mama yangu alikitia kwenye unga usiku ule ule, akafunika kwa kitambaa, akakaa karibu yake kama mtu anayemsubiri mgeni. Asubuhi ulikuwa umepanda mpaka ukasukuma kitambaa. Nilipeleka nusu kwa Ustadh, na sabuni ya unga pakiti mbili. Alipokea mkate. Kanzu ilikuwa kwenye kamba, mara ya tatu kufuliwa, na paka wawili wamekaa chini yake.